Hekalu la Mikono Mingi

Ukifika Neasden, London, utaliona hekalu la Wahindu la mawe meupe, lililofunguliwa mwaka 1995. Vua viatu, punguza sauti, uingie, hakuna kiingilio. Mawe yake ya Bulgaria na marumaru ya Italia yalichongwa India, kisha yakaunganishwa London kwa msaada wa waumini wengi waliojitolea. Miongoni mwao walikuwamo waliohamia Uingereza kutoka Afrika Mashariki. Watoto nao waliokusanya makopo matupu, yakauzwa kuchangia ujenzi. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aliyechangia jengo, hata akiwa mtu mzima haliiti la wengine. Je, sisi wazazi, katika kazi za mtaa wetu, tumewaachia watoto sehemu gani?