Kabali Inangoja Mtangazaji

Francis Ngannou, mzaliwa wa Kameruni, alipomwangusha Stipe Miocic huko Las Vegas usiku wa tarehe 27 Machi 2021 na kutwaa ubingwa wa uzito wa juu wa UFC, Meru na Embu kulikuwa kumekwisha kupambazuka Jumapili. Kamaru Usman na Israel Adesanya, wazaliwa wa Nigeria, walikuwa tayari mabingwa. Hata hivyo, mchezo huu unaochanganya ndondi, mateke na mieleka huwafikia mashabiki wa miji hiyo kwa Kiingereza zaidi.

Inadaiwa kuwa Kiswahili hakina msamiati wake. Dai hili halina mashiko. Kumkaba mtu shingo kwa mkono ni kabali; kumtega mguu aanguke ni ngwala; mwanguko wenyewe ni mweleka. Konde na teke hayahitaji ufafanuzi. Panapopunguka, Kimeru na Kiembu vichangie.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pia. Basi vyama vya wanafunzi vizikusanye istilahi hizi na kuzijaribu redioni. Kijana asiyekisikia Kiswahili katika mambo anayoyapenda atakiona kuwa lugha ya mtihani tu.