Herufi ya Kwanza Si Pambo Tupu

Wako wataalamu wasemao kwamba herufi kubwa zenye nakshi, zifunguazo sura za vitabu vya kwanza vya chapa huko Ulaya, ni mapambo tu. Kwao kitabu ni maneno. Nakshi ni ushanga shingoni, ukivuliwa shingo haipungui kitu. Kwa hiyo wanaponakili maandishi hayo kwa matumizi ya wanafunzi, huziacha herufi hizo bila hata kutaja kwamba zilikuwako. Hoja yao ni nyepesi kushika, lakini haistahimili kupimwa.

Na waitwe kwanza mafundi wenyewe watoe ushahidi. Tarehe 14 Agosti 1457, mjini Mainz, Ujerumani, Johann Fust na Peter Schöffer walimaliza kupiga chapa Zaburi kwa Kilatini. Herufi za mwanzo zilikuwa na rangi mbili, nyekundu na buluu: herufi yenyewe rangi moja, nakshi iizungukayo rangi ya pili. Vipande vya chapa vilitenganishwa, kila kimoja kikapakwa wino wake, kisha vikapachikwa pamoja. Taabu kama hiyo haifanywi kwa upuuzi. Tena katika maneno ya mwisho wa kitabu, mafundi hao walitaja uzuri wa herufi kubwa, na maandishi mekundu yapambanuayo sehemu, kabla ya kuusifu ufundi mpya wa chapa na kabla ya kutaja majina yao.

Kupambanua ndiyo kazi yenyewe. Vitabu vya siku zile aghalabu havikuwa na nambari za kurasa, na mistari ilisongamana. Herufi kubwa ilimwonyesha msomaji mwanzo wa sura, na ukubwa wake ulimwambia cheo cha mwanzo huo. Aiondoaye amemng'olea msafiri alama za njia, kisha anadai kwamba njia ni ile ile.

Yasemwa pia kwamba chapa ilimfukuza mwandishi wa mkono. La hasha! Katika Biblia ya Johann Gutenberg, ya yapata mwaka 1455, nafasi za herufi hizo ziliachwa wazi ili zijazwe kwa kalamu na rangi. Ndiyo sababu nakala zake zatofautiana. Katika vitabu vingi vilivyofuata, herufi ndogo ilipigwa chapa ndani ya nafasi hiyo kumwelekeza mchoraji, na mara nyingi mchoraji hakufika kamwe. Pengo hilo nalo ni habari.

Wapinzani watajibu kwamba baadaye vibao vya mti vilitumiwa tena na tena, kama vya Erhard Ratdolt huko Venice, aliyetoa kitabu cha Euclid mwaka 1482. Basi herufi hizo zina uhusiano gani na maneno? Jibu ni hili: kibao hulika na kupasuka, na ufa wake huonekana karatasini. Kwa ufa huo, kitabu kisicho na jina wala tarehe huweza kutambuliwa kimetoka kwa nani, na kabla ya kipi.

Basi atoaye upya maandishi ya kale ana wajibu: aeleze palikuwa na herufi gani, ya ukubwa gani na rangi gani, au kwamba palikuwa patupu. Asiyefanya hivyo hajasafisha kitabu, amekipunguza.