Ushuru Ndio Nyapara Wetu

Kila serikali inapotangaza ushuru mpya, wananchi huuliza: tutalipa kiasi gani? Ni swali la haki, lakini lipo jingine linalopaswa kulitangulia: ushuru huu unatuamuru tufanye kazi gani, wapi, na chini ya nani? Ushuru hauchukui fedha tu. Humsukuma mtu aingie kazi hii na kuikimbia ile, na mara nyingi humsukuma bila yeye kujua ni mkono wa nani ulio mgongoni mwake.

Wakenya tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Kodi ya vibanda ilipoanza kutozwa mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910 kwa wanaume wasio na vibanda, shabaha haikuwa kujaza hazina ya mkoloni peke yake. Walowezi walitaka vibarua, na Mwafrika mwenye shamba lake na mifugo yake hakuona sababu ya kwenda kuwalimia. Kodi ikampa sababu. Ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwa wengi njia ya kuzipata fedha hizo ilipitia katika shamba la mlowezi. Kipande, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kikahakikisha kwamba aliyekwisha kuingia hatoki kwa hiari yake. Mwaka 1921 Harry Thuku aliwakusanya watu kupinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara, kwa kuwa alitambua kwamba hayo matatu yalikuwa kamba moja. Alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Ushuru wa mkoloni uliwasukuma watu kuingia katika ajira ya mshahara. Wa siku zetu unawasukuma watoke. Tumchukue mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF ilichukua shilingi 1,800, bima ya afya ya SHIF ikachukua 825, tozo ya nyumba za bei nafuu 450, na ushuru wa mapato kama 731. Akabaki na shilingi 26,194 hivi. Mwajiri naye alitakiwa kuongeza shilingi 2,250 kutoka mfukoni mwake kwa NSSF na nyumba. Kwa hiyo kazi iliyomgharimu mwajiri shilingi 32,250 ilimpa mfanyakazi 26,194. Na kama angeongezwa shilingi 1,000 kwa bidii yake, ni kama 673 tu ambazo zingefika nyumbani, kabla hajakutana na ushuru wa asilimia 16 dukani.

Hesabu hii huwafanya mwajiri na mfanyakazi kuwa washirika wa siri. Wanakubaliana kazi isiandikwe popote, malipo yapitie mkononi, na kila mmoja achukue sehemu ya kilichookolewa. Leo wote wawili wanacheka. Siku mkono unapokatwa na mashine, au mtu anapofukuzwa bila notisi, anayelia ni mmoja. Ni kweli kwamba kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humkinga kibarua aliyetumikishwa mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi. Lakini kinga hiyo hupatikana mbele ya hakimu, na hakimu huuliza ushahidi. Aliyekubali kutoandikwa amekwisha kuukabidhi ushahidi wake kwa yule anayemshitaki.

Mahakama Kuu iliugusa mzizi wa jambo hili mnamo Novemba 2023, ilipoamua kwamba tozo ya nyumba ilikiuka Katiba, miongoni mwa mambo mengine kwa kuwabagua wenye mishahara bila sababu ya kutosha. Bunge likajibu kwa sheria mpya ya Machi 2024, iliyoieneza tozo hiyo hata kwa wasio na mshahara. Usawa ukapatikana kwenye karatasi. Mwenye mshahara hukatwa kabla hajaushika, ilhali fundi wa jua kali ni lazima atafutwe kwanza. Mzigo basi umebaki pale pale, juu ya mgongo wa yule aliyekubali kuandikwa.

Watetezi wa makato haya watasema kwamba pasipo michango hakuna matibabu wala pensheni. Wanasema kweli, na mimi siwapingi katika hilo. Mtu hauoni mchango kuwa hasara ikiwa anajua utamrudia. NSSF, pamoja na ila zake zote, humwandika mwanachama kwa jina. Tozo ya nyumba haimwandiki mtu. Waweza kuilipa miaka thelathini na usiwe na haki ya chumba kimoja. Bima ya afya nayo ni mshahara uliowekwa akiba iwapo dawa zipo hospitalini; zisipokuwepo, ni ushuru mwingine. Tena kanuni za mwaka 2024 zilimtaka asiye na mshahara alipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, kana kwamba mwenye kibanda cha mboga hupata riziki yake kwa mwaka.

Sera njema huzaa matunda, nasi tumeyaona. Elimu ya msingi ilipotolewa bila karo Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani. Wazazi hawakuhitaji kuhubiriwa faida za elimu. Bei ilibadilika, na uamuzi wao ukabadilika nayo.

Waliodai kifungu cha 2A kiondolewe, hata kikafutwa Desemba 1991, hawakutaka vyama vingi ili tuwe na bendera nyingi. Walitaka Bunge linaloweza kuikatalia serikali fedha. Juni 2024 Bunge liliupitisha Mswada wa Fedha, na vijana, wengi wao wasio na kazi, ndio walioukatalia barabarani, baadhi yao kwa uhai wao, hadi Rais akakataa kuutia sahihi. Nchi yenye wabunge haipaswi kulipia hoja ya bajeti kwa damu.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinaagiza mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe. Tudai basi mambo mawili. Kwanza, kabla ya kura yoyote, Hazina ijumlishe makato yote mahali pamoja na kuonyesha mbele ya wananchi yatakavyomgusa mfanyakazi wa mshahara mdogo. Pili, kusiwe na mchango usiompa anayeulipa haki anayoweza kuidai mahakamani. Nyapara wa mlowezi hakuomba kura ya mtu. Huyu wa leo amewekwa kwa kura zetu, na anaweza kuondolewa kwa kura hizo hizo.