Usinunue mtoto wa gorila, hata kwa huruma

Pinga, Itebero, Ndjingala. Kwa mkazi wa Walikale hayo ni majina ya mahali pa kwao. Katika kituo cha GRACE huko Kasugho, wilayani Lubero, ni majina ya gorila yatima waliolelewa hapo. Tangu 2010 kituo hicho kinalea gorila wa Grauer walionyang'anywa wawindaji na walanguzi. Jamii hiyo ya gorila haiishi msitu mwingine wowote duniani ila huu wetu wa mashariki mwa Kongo.

Msimamo wetu ni huu: walezi hao waungwe mkono, na anayetaka kuwasaidia kweli aanze kwa kutonunua mtoto wa gorila wala wa sokwe, hata kwa nia ya kumwokoa.

Tunajua linavyotokea. Dereva, mnunuzi wa madini au mfanyakazi wa shirika anamkuta mtoto amefungwa kamba kiunoni kando ya njia ya machimbo. Macho yamedidimia, kifundo cha mkono kimechubuka. Bei inatajwa. Mtu anatoa dola zake na kuondoka naye, akiamini ametenda jema. Muuzaji naye amejifunza kwamba mtoto aliye hai ana soko, na kesho atarudi msituni kutafuta mwingine.

Huko msituni mtoto hapatikani bila damu. Gorila jike hamwachii mwanawe, na dume mkubwa husimama mbele ya kundi lake hadi aanguke. Nyuma ya yatima mmoja kuna maiti ya mama, na mara nyingi za wengine pia. Jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka minne hivi, kwa hiyo pengo hilo halizibiki upesi. Miaka ya 1990 gorila hawa walikadiriwa kufika karibu 17,000. Makadirio ya 2021 yaliwahesabu 6,800 hivi. Katikati hapo zilipita vita, bunduki zikazagaa, na machimbo yakafunguliwa ndani ya misitu, yakilishwa nyama ya porini.

Malezi yenyewe si kazi ya kujaribia nyumbani. Mtoto wa gorila hunyonya miaka mitatu au zaidi na hulala kifuani pa mama. Mlezi hana budi kuishika nafasi hiyo: chupa ya maziwa usiku na mchana, kumbeba mgongoni, kulala naye, kisha kumzoeza majani ya msituni. Huvaa barakoa, maana mafua yanayotupitia sisi kwa siku chache yanaweza kumuua mtoto huyo. Baadaye humwingiza kwa wenzake ajifunze ugorila. Pinga, jike mkubwa wa Kasugho, amewalea yatima wasio wake kama mama.

Hata hivyo malezi bora yana mipaka. Gorila yatima Ndakasi alikutwa Virunga mwaka 2007, mwenye umri wa miezi miwili, ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Alilelewa Rumangabo na akafa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, André Bauma, bila kurudi kuishi msituni. Ilikuwa Oktoba 2024 ndipo majike wanne wa GRACE, Ndjingala akiwa mmoja wao, walipoachiliwa katika mlima Tshiaberimu. Huo ni ushindi mkubwa, nao ulidai miaka mingi ya kazi kwa gorila wanne tu. Hakuna kituo kitakacholea haraka kuliko bunduki inavyoua.

Kwa hiyo tunasema wazi. Ukimwona mtoto wa gorila anauzwa, usilipe hata faranga moja. Shika mahali, saa na sura ya muuzaji, kisha uwafikishie habari walinzi wa hifadhi wa ICCN au mkuu wa kijiji unayemwamini. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 inawalinda wanyama hawa. Imbane mnunuzi kama inavyombana muuzaji, awe raia, mgeni au mwenye cheo. Na yeyote anayetawala eneo, kwa mhuri au kwa bunduki, ajue kwamba gorila wanaouawa chini ya ulinzi wake wako katika hesabu yake.

Wanaovuna madini ya kasiteriti na koltani nao walishe wafanyakazi wao. Masisi ni nchi ya ng'ombe, jibini na maharagwe. Barabara zikiwa salama, na vizuizi vya kutoza watu pesa vikiondolewa, chakula hicho kitafika machimbo ya Walikale kwa bei ambayo mchimbaji ataimudu. Mchimbaji aliyeshiba maharagwe hana haja ya nyama ya gorila, na mwindaji asiye na mnunuzi hana sababu ya kumpiga risasi mama ili ampate mtoto.