Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu hudharau miji midogo eti haina raha. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Likizo ya Agosti, shangazi na wanawe walipotujia Lamu kutoka Nairobi, niliona haya. Nitawaonyesha nini? Vichochoro vyetu hata gari havipitishi!

Kumbe! Asubuhi walikula mahamri kwa mbaazi wakalamba vidole. Jioni tulifuata ufuo kwa miguu hadi Shela. Usiku shangazi na mama walikaa uani wakicheka hadi saa sita. Shangazi akasema kwao jirani hamjui hata jina.

Mji huu uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini mimi niliuona siku hiyo. Jamani, tusingoje wageni watufumbue macho.