DAKTARI AMEPIMA MKONO, NANI AMEPIMA KAZI?



Mwenzetu akiumia kazini, awe mkata miwa wa Busoga, mchuma chai wa Toro au fundi wa mashine katika viwanda vya Jinja, swali la kwanza analoulizwa akirudi kutoka hospitali ni hili: "Wamekupa asilimia ngapi?" Asilimia hiyo ndiyo itakayoamua fidia yake. Ndiyo itakayoamua kama ataendelea kusomesha watoto au atarudi kijijini mikono mitupu. Kwa hiyo sisi tunaoishi kwa jasho letu tunayo haki ya kuuliza asilimia hiyo inatoka wapi, nani anaipima, na anapima kitu gani.

Sisi katika chama tunasema wazi kwamba kipimo kinachotumika ni nusu ya kipimo. Kinapima mwili wa mfanyakazi, lakini hakipimi kazi yake. Hatuna ugomvi na madaktari. Daktari hufanya kazi aliyosomea. Ugomvi wetu ni kwamba baada ya daktari kumaliza, hakuna mtu mwingine anayeitwa.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi aliyelemaa kabisa na kwa kudumu alipwe mapato yake ya miezi 60. Aliyelemaa kwa sehemu hulipwa asilimia ya mapato hayo. Mwishoni mwa sheria kuna jedwali linalotaja viungo vya mwili, na mbele ya kila kiungo imeandikwa asilimia yake.

Tufanye hesabu, maana mwenye kujua hesabu hapunjwi. Tuseme mfanyakazi anapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni shilingi 12,000,000. Akiandikiwa asilimia 10 atapata shilingi 1,200,000, yaani mshahara wa miezi 6. Akiandikiwa asilimia 30 atapata shilingi 3,600,000, yaani mshahara wa miezi 18. Kila asilimia moja ni shilingi 120,000. Basi mtu akikuambia kwamba kubishania asilimia 5 ni upuuzi, mjibu kwamba hizo ni shilingi 600,000, na kwamba yeye asingeziacha zake mezani.

Sasa tutazame wafanyakazi wawili wenye mshahara mmoja. Wa kwanza ni mama anayeshona kwa cherehani katika kiwanda cha nguo. Wa pili ni mlinzi wa lango. Wote wawili wamepoteza kidole kile kile cha shahada cha mkono wa kulia. Jedwali linawapa asilimia ile ile. Lakini mlinzi, kidonda kikipona, anarudi langoni na mshahara wake haupungui. Yule mama hawezi tena kuongoza kitambaa kwa mwendo uleule. Hafikishi hesabu ya siku. Nyapara anamhamisha kwenye kufagia, na mkataba ukiisha anaambiwa hakuna kazi. Kidole ni kimoja, lakini hasara si moja. Yupo wapi mtu aliyepima hasara hiyo ya pili?

Tutazame pia mkata miwa aliyeumia mgongo. Mgongo haukukatika, hauonekani kama mkono uliokatwa. Kwa jeraha lisilotajwa ndani ya jedwali, sheria yetu inataka fidia ilingane na upungufu wa uwezo wa mtu wa kuchuma mshahara. Hayo ni maneno mazuri sana, nasi tunataka kila mwanachama ayashike. Lakini nani atathibitisha upungufu huo? Daktari anaweza kusema kwamba mtu huyu asiinue mzigo mzito. Hawezi kusema ni kazi zipi zimebaki kwa mtu wa miaka 45, aliyeishia darasa la nne, ambaye maisha yake yote amekata miwa. Hilo si swali la udaktari. Ni swali la kazi, na lina ufundi wake.

UFUNDI HUO NI UPI

Upimaji wa uwezo wa kazi ni jambo linaloeleweka. Mpimaji huanza kwa kumuuliza mfanyakazi historia yake: amefanya kazi zipi, kwa miaka mingapi, amesoma hadi wapi, anajua lugha zipi. Halafu huichambua kazi aliyokuwa akiifanya pale alipoumia: alisimama saa ngapi, aliinua kilo ngapi, alitumia vidole au mabega, alifanya kazi juani au penye vumbi, alitakiwa kufikisha hesabu gani kwa siku. Baada ya hapo huchukua maneno ya daktari na kuyalinganisha na kazi hiyo. Anaweza pia kumpa mtu kazi ya majaribio, kama kufunga boliti, kupanga barua au kushona mshono, ili aone kwa macho yake kile ambacho mkono unaweza na usichoweza. Mwisho anatazama soko la kazi: katika wilaya ile, kwa mtu yule, kuna kazi gani, na inalipa kiasi gani.

Tofauti ya mshahara wa jana na mshahara anaoweza kuupata leo, hiyo ndiyo hasara ya kweli. Na orodha ya kazi anazoweza kujifunza, huo ndio ushauri wa kazi. Mambo haya mawili hayatengani. Fidia bila kazi huisha mfukoni, na kazi bila fidia ni dhuluma.

Marekani wataalamu wa namna hii huitwa mbele ya mahakama na mbele ya mahakimu wa mafao ya ulemavu. Hatusemi tuige kila kitu cha huko. Kule mahakimu wametumia kwa miaka mingi kamusi ya kazi iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1939 na kusahihishwa kwa mara ya mwisho mwaka 1991. Mtu mgonjwa aliweza kunyimwa mafao kwa kuambiwa kwamba bado anaweza kazi ya kuchagua njugu, ingawa kazi hiyo siku hizi hufanywa na mashine. Ilipofika mwaka 2024 ndipo serikali yao ilipoondoa zaidi ya kazi 100 za zamani kutoka katika orodha hiyo. Fundisho kwetu ni kwamba kipimo hufuata mkono wa anayekishika. Mpimaji anayelipwa na kampuni ya bima peke yake ataona kazi hata pale ambapo hakuna kazi. Kwa hiyo hatudai upimaji tu. Tunadai upimaji ambao mfanyakazi na chama chake wana sauti ndani yake.

MAJIRANI WAMEFIKA WAPI

Huko Kenya, sheria ya mafao ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inahesabu miezi 96 pale sisi tunapohesabu 60. Tena ina kifungu kinachosema kwamba kama jeraha limemletea mfanyakazi madhara makubwa kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yake, Mkurugenzi anaweza kumpa asilimia ya juu zaidi kuliko ile ya jedwali. Yule mama wa cherehani angekuwa Kenya, angekuwa na mlango wa kubisha. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Desemba 2019, madai hayo huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Kwa hiyo mfanyakazi anayefika kwa Mkurugenzi bila maelezo ya kazi yake amefika mikono mitupu mahali penye uamuzi.

Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Wanaochangia Mfuko ni waajiri. Mfanyakazi hakatwi senti. Aliyelemaa kwa kudumu kwa kiwango kinachozidi asilimia 30 hulipwa pensheni kila mwezi. Na miongoni mwa mafao kuna huduma inayoitwa utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudi katika kazi yake au ajifunze nyingine.

Kwetu Uganda mwajiri anatakiwa na sheria kukata bima, na fidia hulipwa kwa mkupuo. Dai la aliyeumia linakuwa mvutano kati yake na mwajiri mwenye bima. Wasipokubaliana juu ya kiwango cha ulemavu, sheria inatoa nafasi ya kwenda mbele ya bodi ya usuluhishi ya kitabibu. Tunauliza: ya kitabibu peke yake? Mbona hakuna anayeijua kazi?

Serikali yetu imeridhia Mkataba Namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1983. Mkataba huo unataka watu wenye ulemavu wapewe ushauri wa kazi, mafunzo ya ufundi na msaada wa kupata ajira, na unataka vyama vya wafanyakazi na vya waajiri vishauriwe katika mambo hayo. Basi tukidai kuketi mezani hatuombi hisani. Ni ahadi iliyokwisha wekwa.

WANAOTAFUTA KAZI NAO

Jambo hili si la walioumia tu. Kila asubuhi vijana wanasimama mbele ya malango ya viwanda na mashamba. Karani anahesabu vichwa, anatoa vibarua, wengine wanarudishwa. Hakuna anayemwuliza kijana anajua nini. Tunajua mashamba ambako mtu aliyejifunza kuchomelea chuma kwa mjomba wake anapalilia miwa, na karakana ya shamba hilo hilo inatafuta mchomeleaji kutoka mjini. Mwajiri anapata hasara, kijana anapata hasara, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna aliyepima.

Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 ilileta utaratibu wa kumpima kwa vitendo fundi aliyejifunzia kazini na kumpa hati ya ustadi wake, hata kama hakukaa darasani. Mwaka 2025 sheria mpya ilitungwa na vyombo vya kupima vikapangwa upya. Kijana asikate tamaa kwa mabadiliko hayo. Aende kwa afisa wa kazi wa wilaya, aulize wapi ufundi wake unaweza kupimwa. Hati hiyo ina faida mbili. Leo inamtafutia kazi. Kesho akiumia, inashuhudia kwamba aliyepoteza mkono alikuwa fundi, na si kibarua wa kupalilia.

TUNATAKA NINI

Waajiri watasema kwamba wataalamu ni ghali na nchi ni maskini. Tunajibu kwamba hatua za kwanza hazihitaji ndege wala profesa. Zinahitaji karatasi, kalamu na umoja.

Kwanza, kila tawi la chama liwe na karatasi ya kazi kwa kila idara: kukata miwa, kuchuma majani, kukausha chai, kuendesha mashine, kushona. Ndani yake iandikwe uzito unaoinuliwa, saa za kusimama, viungo vinavyotumika, hesabu ya siku na mshahara. Iandikwe leo, watu wakiwa wazima, ili ajali ikitokea tusibishane juu ya jambo ambalo kila mtu alilijua.

Pili, mwenzetu akiumia, taarifa itolewe mara moja kwa mwajiri na kwa afisa wa kazi, na nakala ibaki tawini. Anapokwenda kwa daktari, mjumbe wa tawi aende naye, na karatasi ya kazi iwekwe mbele ya daktari. Daktari mwema atashukuru.

Tatu, mtu asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ya malipo ya mwisho kabla haijasomwa na tawi lake kwa lugha anayoielewa.

Nne, aliyepewa "kazi nyepesi" apewe kwa maandishi: kazi gani, mshahara gani, kwa muda gani. Tumeona kazi nyepesi ambazo zilikuwa njia ya kumtoa mtu polepole mpaka langoni.

Tano, serikali iongeze katika sheria kile kifungu walicho nacho majirani wa Kenya, kwamba aina ya kazi ya mtu ihesabiwe katika asilimia yake, na katika bodi ya usuluhishi aingizwe mtu anayejua kazi. Vituo vya mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama vile Kireka na Mpumudde, vipokee pia wafanyakazi walioumia viwandani na mashambani, na waajiri wachangie gharama.

Ndugu, wapo wanaoogopa kwamba upimaji utaonyesha kuwa aliyeumia bado anaweza kufanya kazi, na hivyo atapunjwa. Sisi hatuogopi ukweli huo. Mfanyakazi hataki kuitwa asiyejiweza. Anataka kulipwa alichopoteza na kuonyeshwa anachoweza bado. Tunachokataa ni kupimwa kama ng'ombe mnadani, kiungo kwa kiungo, na watu ambao hawajawahi kushika panga shambani wala kusimama saa nane mbele ya mashine.

Mkutano wa tawi lako ujao, simama uulize: karatasi ya kazi ya idara yetu iko wapi? Kama haipo, iandikwe siku hiyo hiyo.

Umoja wetu ndiyo nguvu yetu.