Mpe Mzee Mpira, Mwachilie Kijana Aende

Kila mwisho wa Julai mashabiki wa besiboli kule Marekani wanagawanyika pande mbili, na mimi huku Kenya nakesha nikisoma wanavyotukanana. Upande mmoja unasema leteni yule mrushaji mzee, kombe tunalitaka mwaka huu. Upande wa pili unasema gusa chipukizi wetu uone. Na kila mwaka huo upande wa pili ndio unaonekana kuwa na akili. Wana subira, wana hesabu, wanajua majina ya vijana wa miaka 19 wanaochezea miji ambayo wao wenyewe hawajawahi kukanyaga.

Leo ugomvi wangu ni na hao wenye akili. Na niko umri mmoja na hao chipukizi, kwa hivyo msiniambie ati nachukia vijana.

Kwa wasee waliozoea soka pekee, nieleze haraka. Huko hakuna mambo ya Chelsea kuingia sokoni na gunia la pesa. Kwa kawaida unatoa mchezaji, unapewa mchezaji. Msimu ni mechi 162, na ikifika Julai kila mtu anajua nani bado yuko kwenye mbio na nani ameanza kuwaza mwaka ujao. Aliyetoka kwenye mbio ana mrushaji wake mzee, miaka 34 au 36, mkono bado uko sawa. Aliye kwenye mbio ana vijana kwenye ligi ndogo. Wanabadilishana. Miaka hii ya karibuni mlango unafungwa saa kumi na mbili jioni ya New York, na hiyo kwetu ni saa saba usiku. Ndiyo maana Agosti ikianza macho yangu yanakuwa vile mnayaona kwenye video.

Mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira. Akiamka vizuri, timu pinzani inarudi nyumbani na yai. Lakini haanzi kila siku. Anaanza mara moja kwa siku tano hivi, ili mkono upumzike. Shika hiyo, nitaihitaji.

Sasa, kisa ambacho hao wenye akili wanapenda kunirushia usoni ni kimoja tu. Agosti 12, 1987. Detroit Tigers wanafukuzana na Toronto Blue Jays na wamepungukiwa na mrushaji. Wanaongea na Atlanta Braves, wanapewa Doyle Alexander, mzee wa miaka 36 aliyebakisha wiki tatu hivi afikishe 37. Atlanta wanachukua kijana wa miaka 20 anayeitwa John Smoltz. Tena kijana wa nyumbani kabisa, amekulia Lansing, huko huko Michigan, akishabikia hiyo hiyo Tigers.

Smoltz alikuja kuwa nani? Ushindi 213. Mechi nyingine 154 aliingia mwishoni akafunga mlango. Wapigaji 3,084 aliwarudisha benchi kwa straiki tatu. Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 1996. Kombe la World Series na Atlanta mwaka 1995. Mwaka 2015 akaingizwa kwenye jumba la magwiji pale Cooperstown. Basi tangu hapo timu yoyote ikimtaka mzee, lazima atokee mtu aseme, "Kumbukeni Smoltz." Akishasema hivyo anakunja mikono kama amemaliza kesi.

Hajamaliza kitu, bana. Twende polepole.

Alexander alifika Detroit akaanza mechi 11. Alishinda 9, hakupoteza hata moja. Wastani wake ulikuwa 1.53, yaani kwa kila zamu tisa, ambayo ni mechi nzima, aliruhusu pointi moja na nusu hivi. Mrushaji akiwa na 4 bado ana kazi. Akiwa na 3 anaheshimiwa. Huyo mzee wa 1.53 alikuwa kama kipa anayekaa wiki nzima bila kuchafua jezi. Toronto waliingia wiki ya mwisho wakiongoza kwa mechi tatu na nusu, wakapoteza zote saba zilizobaki. Tatu za mwisho walipotezea Detroit kwenyewe, na Ijumaa ya Oktoba 2 aliyewafunga 4-3 alikuwa mzee huyo huyo. Utamu ni kwamba Toronto ndio waliomwachilia mwaka uliotangulia.

Detroit walimaliza na ushindi 98. Toronto 96. Mechi mbili! Mtoe huyo mzee halafu mnionyeshe Detroit wanazitoa wapi hizo mbili.

Najua mtasema nini. Mtasema Minnesota Twins waliwatoa Detroit kwa mechi tano tu, na Alexander alipigwa vibaya kwenye mbili kati ya hizo. Kweli. Mtasema 1989 alishinda 6 akapoteza 18, akastaafu. Kweli pia. Lakini baada ya ile Oktoba ya 1987, Detroit hawakurudi kwenye mchujo mpaka 2006. Miaka 19. Mtoto aliyezaliwa Detroit wiki ile Alexander anawafunga Toronto alimaliza sekondari kabla ya kuiona timu yake ikicheza tena Oktoba. Na mnataka kuniambia ile moja waliyoipata ilikuwa upuzi?

"Wangembakisha Smoltz wangezipata nyingi." Kwani? Mwaka 1989 Detroit walipoteza mechi 103. Mia moja na tatu. Mtu anayerusha mara moja kwa siku tano angewasaidia kupoteza labda 97. Na hata Atlanta hakuibeba timu peke yake, alikuwa na Tom Glavine na Greg Maddux pembeni, na hao wawili nao wako Cooperstown. Mnachukua Smoltz wa Atlanta mnamchomeka kwenye Detroit iliyokufa, halafu mnahesabu makombe ya kufikirika.

Halafu huyo Smoltz wa 1987 mnayemlilia hakuwa yule wa 1996. Mwaka ule kwenye ligi ndogo alikuwa ameshinda 4, amepoteza 10, wastani 5.68. Mwaka wake wa kwanza Atlanta alishinda 2 akapoteza 7. Nyinyi nyinyi mnaomlilia leo mngekuwa mashabiki wa Detroit wakati ule, kufikia wikendi ile ya Toronto mngekuwa mmesahau hata jina lake.

Sisemi kila mzee anunuliwe. Chicago White Sox mwaka 2016 walimchukua James Shields, miaka 34, kutoka San Diego, na siku chache kabla ya hapo alikuwa ametoka kupigwa pointi 10 kabla ya kumaliza zamu ya tatu. Mlimwona anavuja mkamnunua hivyo hivyo! Akashinda 4 akapoteza 12 akiwa nao, na timu ikaishia 78 kwa 84. Mmoja wa waliotolewa alikuwa kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa, Fernando Tatis Jr. Mwaka 2021 San Diego wakampa mkataba wa miaka 14, dola milioni 340. Watu wanacheka White Sox kwa sababu ya Tatis. Mimi nawacheka kwa sababu ya Shields. Hakuna aliyekuwa na miwani ya kumsoma mtoto wa miaka 17. Lakini kumsoma mzee hakuhitaji miwani, rekodi yake iko wazi mpaka ya juzi.

Lakini hesabu zote hizo kando, kuna kitu kinaniudhi zaidi. Sikiliza lugha yao. Hawasemi "tunampenda huyu kijana." Wanasema "tuna miaka sita naye." Hiyo miaka sita inamaanisha nini? Sheria ya ligi kuu ni kwamba mchezaji lazima amalize miaka sita ya utumishi ndiyo awe huru kujiuza anakotaka. Na miaka mitatu ya kwanza hivi analipwa karibu na kima cha chini cha ligi hata kama yeye ndiye bora uwanjani. Kima cha chini huko si pesa ndogo, dola 720,000 mwaka 2023, sikatai. Lakini mzee mwenye uwezo uleule anachukua milioni 20 na zaidi. Kwa hivyo unapomkumbatia chipukizi, unachokumbatia ni bei yake. Unamshangilia kwa sababu ni rahisi.

Na kabla hajafika huko juu? Mpaka 2022 kijana wa ligi ndogo daraja la pili kutoka juu alilipwa kuanzia dola 13,800 kwa mwaka. Kwa mwaka, Marekani. Wachezaji wa ligi ndogo wakajiunga na chama mwaka huo, na mkataba wa kwanza wa 2023 ukaipandisha mpaka 30,250. Miaka yote hiyo hawa wapenda-vijana walikuwa na orodha ya chipukizi wao mia bora, kila mmoja na namba yake, urefu wake, kasi ya mkono wake. Ni wangapi walikuwa na muda wa kuuliza huyo kijana amekula nini?

Kuna Kris Bryant wa Chicago Cubs. Mwaka 2015 kwenye maandalizi ya msimu alipiga mipira tisa nje ya uwanja, kila mtu akaona yuko tayari. Cubs wakamrudisha ligi ndogo, ati akanoe ulinzi wake, wakamwita Aprili 17. Akamaliza mwaka na siku 171 za utumishi. Mwaka kamili unahesabiwa siku 172. Siku moja! Hiyo siku moja ilimchelewesha mwaka mzima kuwa huru. Mwaka huo akawa mchezaji mpya bora wa ligi yake, uliofuata akawa mchezaji bora kabisa. Alilalamika rasmi, na 2020 mwamuzi akasema Cubs hawakuvunja sheria. Na mashabiki wengi wakati ule walisema menejimenti ina akili.

Mimi hiyo akili naijua. Nilipoacha chuo kuna ofisi moja mjini iliniweka miezi minane nikiwatengenezea video. Malipo yalikuwa nauli na maneno. Kila nikiuliza, naambiwa kijana una kipaji, una kesho kubwa, vumilia. Mwezi wa tisa nikapata mtu wa kunilipa, na hao hao wakanuna, ati wamenilea halafu nimewatoroka. Kwa hivyo nikiona shabiki anaandika "huyu kijana ni wetu, hauzwi," mwili unanisisimka, na si kwa raha.

Mwuzeni, jameni. Atlanta walimpandisha Smoltz ligi kuu Julai 1988, miezi kumi na moja tu baada ya kumchukua, na walimwachia mpira hata alipokuwa anapigwa, kwa sababu timu yao ilikuwa mbovu na nafasi ilikuwepo. Timu inayopigania kombe haina hiyo nafasi. Kijana anakaa chini huko kwa miaka miwili akisubiri mtu aumie. Anayemnunua anamnunua ili amtumie. Michael Brantley alitoka Milwaukee kwenda Cleveland mwaka 2008 kama jina la kukamilishia orodha, hata siku ya makubaliano hakutajwa. Akaja kuwa nyota mara tano.

Na Milwaukee walipata nini? CC Sabathia. Sawa, hakuwa mzee, alikuwa anafika 28, lakini mtego ulikuwa uleule: mkataba unaisha, na baada ya msimu angeondoka, na kweli akaondoka kwenda Yankees. Wenye akili walisema ni upotevu. Jamaa akaanza mechi 17, akashinda 11, akapoteza 2, wastani 1.65, na mwishoni alikuwa anarusha kila baada ya siku tatu za mapumziko badala ya nne huku mkataba wa maisha ukimngoja mlangoni. Milwaukee wakaingia mchujo siku ya mwisho kabisa ya msimu, mara ya kwanza tangu 1982. Walitolewa raundi ya kwanza na Philadelphia. Chipukizi mkuu waliyemtoa, Matt LaPorta, hakuwahi kuwa kile orodha zilisema atakuwa.

Houston nao, Agosti 31, 2017, sheria ikiwa bado inaruhusu biashara ya Agosti kwa masharti, walimchukua Justin Verlander kutoka Detroit. Miaka 34. Walitoa vijana watatu. Aliyesifiwa zaidi kati yao, Franklin Pérez, aliandamwa na majeraha. Verlander alishinda mechi zake tano zote za msimu zilizobaki, akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao, na Houston wakachukua kombe lao la kwanza. Mtaniambia wapigaji wao walikuwa wanapigiwa pipa la taka ili wajue mpira gani unakuja, na ligi ikawaadhibu 2020. Kweli, kombe lina doa, na mimi sitalisafisha hapa. Lakini hakuna pipa linalomsaidia mtu kurusha.

Kwa hivyo Julai hii kama timu yako iko nyuma mechi mbili na kuna mzee anayerusha vizuri wiki hii, wiki hii siyo mwaka juzi, usiniletee Smoltz. Andika hapa chini jina la chipukizi unayekataa kumtoa. Andika na mshahara wake. Kama huujui mshahara wake, andika hivyo pia.